Mrabaha wa Bawa la Hudihudi

Hamdam Sobirov hakuwa na kiwanda. Hakuwa na gari, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na meno ya upande wa kushoto, na tangu majira ya baridi yaliyopita hakuwa na hisia katika ncha za vidole vya mkono wa kulia, vilevile alivyovitumia kufungia nyuzi za hariri maisha yake yote. Hakuwa na mwanasheria. Hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote, iwe hapa Margilan au Tashkent, mji mkuu. Hakuwa na godoro lisilo na kiraka. Na kuliko vyote hivyo, hakuwa na uso wa kumtazama mkwewe na kumwambia: nionyeshe hesabu.

Alichokuwa nacho ni nakshi moja. Aliibuni mwenyewe, akaichora kwa kijiti cha mkaa juu ya nyuzi zilizotandazwa, kisha akazifunga fungu kwa fungu ili rangi iingie hapa na isiingie pale. Kitambaa kilipofumwa, bawa la ndege lilikunjuka juu yake, michirizi myeusi na myeupe kwenye wekundu wa komamanga. Aliipa jina la Bawa la Hudihudi, akaisajili Tashkent, akampa leseni Haji Egamberdi, mwenye kiwanda cha atlasi, kitambaa cha hariri, ng'ambo ya mfereji. Kwa kila mita itakayouzwa, ulisema mkataba, mwenye nakshi atapata sehemu tano katika mia ya bei. Huo ndio mrabaha. Mwaka uleule Haji akamposea mwanawe Bahrom binti pekee wa Hamdam, Zulhumor, na mtaa mzima ukasema nakshi ile ina baraka.

Sasa, katikati ya Aprili, dereva wa kiwanda alileta taarifa ya mrabaha ya mwaka. Aliipitisha dirishani bila kushuka garini. Mkewe Hamdam, Mastura, ndiye aliyefungua bahasha, kwa sababu mumewe alijifanya anatafuta miwani.

"Mita mia tisa," alisoma. "Mwaka mzima, kiwanda kizima, mita mia tisa! Baba Zulhumor, hata bibi kipofu angefuma zaidi kwa vidole vya miguu."

"Soko gumu."

"Halafu hapa chini kuna makato. 'Gharama za heshima.' Heshima ya nani?"

"Mambo ya biashara hayo."

"Nimekuuliza ya nani. Maana yetu siioni. Wamekata, wamekata, tumebakiwa na laki nane na elfu arobaini. Gunia la unga, deni la gesi, basi. Dawa yako ya vidole tuiombee dua."

Hamdam alimega mkate, akautafuna polepole upande wa kulia. Alijua kitu ambacho mkewe alikuwa bado hajakifikia. Kifungu cha kumi na moja cha mkataba kilimruhusu kupeleka mkaguzi kwenye vitabu vya kiwanda, kwa barua ya rejista. Lakini taarifa isiyopingwa ndani ya miaka mitatu huhesabiwa kuwa imekubaliwa, na mlango wake hufungwa milele. Taarifa ya kwanza, ya mwaka ule wa arusi, ingetimiza miaka mitatu mwisho wa mwezi huu. Yeye alikuwa anaomba moyoni mwezi upite upesi, ili asiwe na la kuamua. Wako watu wengi wa namna hiyo, wala si wabaya. Ila wezi wanawapenda sana.

*

Wiki ile jirani yao alikuwa anamwoza mwanawe, na hapa kwetu bondeni mwanamke haingii arusini mikono mitupu. Huchukua kipande cha atlasi kilichokunjwa, hakijashonwa, akampa mwenye shughuli, na akiondoka hupewa kingine. Mastura alikwenda sokoni kununua chake.

"Chukua Hudihudi, mama," muuzaji akamwambia, akikunjua kitambaa mpaka kikamgusa kifuani. "Hiyo haikai dukani. Asubuhi naleta robota, jioni nafagia sakafu."

"Mita bei gani?"

"Laki na ishirini."

"Nipunguzie, mwanangu."

"Nyingine napunguza, hiyo sithubutu. Hiyo nakshi ina mwenyewe, bwana! Kila mita kuna mtu analipwa mrabaha. Huyo mtu sasa hivi analalia hela, akigeuka zinamchoma mbavu."

Mastura alimtazama muuzaji, akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umeshika noti zilizokunjwa mara nne. Angesema nini? Kwamba mwenye nakshi ni mume wake, na kwamba ubavu wake unachomwa na springi za kitanda? Alilipa bei kamili, akaondoka.

Kutoka arusini alirudi amekunja uso. Alitupa furushi lake la zawadi mezani. Ndani yake mlikuwa na kipande cha Bawa la Hudihudi.

"Unaona?" akasema Hamdam, na akachangamka. "Ndiyo maana nakwambia usipige hesabu kwa macho. Kitambaa cha arusini hakifi, mama Zulhumor, kinatembea. Kinatoka nyumba hii kinaingia ile, kinazunguka bonde zima. Pengine hiki ndicho ulichopeleka mwenyewe. Unaona mia, kumbe ni kumi vinavyozunguka."

Kwa maneno hayo alikuwa amejiliwaza miaka mitatu. Kila alipoliona bawa lake kwenye kabati la mtu, au limekunjwa kwenye sinia la posa, alijiambia: ni kilekile, kinatembea. Mtu wa nchi nyingine asingekosea hivyo. Lakini aliyekulia katika nyumba ambamo kipande kimoja cha hariri kimeingia na kutoka tangu zama za bibi yake bila kuguswa na mkasi, atakosea hivyo na atajiona mwerevu.

"Kilichokunjwa kinatembea," Mastura akasema. "Nakubali. Kilichoshonwa je?"

"Kilichoshonwa vipi?"

"Wanawake wa meza yangu wote walikuwa wamekivaa. Kimekatwa, kimeshonwa, kimetiwa kola. Wacheza ngoma wa kukodi, kundi zima, wamekivaa. Mama bwana arusi amefunikia mito ya viti. Mito, baba Zulhumor! Na mito inatembea?"

Hamdam alikikunjua kipande cha mezani, akakikunja tena. Nguo iliyokatwa kwa kifua cha mwanamke mmoja haiendi kwa mwingine. Jambo dogo kama hilo, na hakuwa amelifikiri, kwa sababu hakutaka kulifikiri.

"Nenda ukamwulize Haji," Mastura akasema. "Wewe si unasema ni mtu wako? Mwulize basi kama mtu wako."

*

Alikwenda Jumatano, amevaa kofia yake nzuri, na mikononi mikate miwili ya tanuri iliyofungwa kitambaa. Haji Egamberdi alikuwa amekaa barazani chini ya mizabibu pamoja na mgeni, mnunuzi mnene kutoka Almaty, ng'ambo ya mpaka, mwenye kicheko cha karibu.

"Karibu, mkwe wangu, karibu! Huyu ndiye fundi wangu," Haji akamwambia mgeni. "Mkono wa dhahabu huu."

Fundi wangu. Hamdam hakuwahi kuwa fundi wa mtu. Alikaa.

Zulhumor akaja na birika, kichwa kimefungwa, macho chini, kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya wageni. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo tu katika kibakuli, ili mwenyeji apate sababu ya kumwongeza, na kumwongeza tena, na mazungumzo yasiishe. Zulhumor alimmiminia babake hivyo, kidogo.

"Mjazie babako," Haji akamwambia. "Ana shughuli zake huyu, tusimcheleweshe."

Mkono wa msichana ukasita hewani. Kisha ukajaza kibakuli mpaka ukingoni. Mgeni wa Almaty aligeuka akaanza kuitazama mizabibu, kwani hata kwao kibakuli kilichojaa kinajulikana maana yake: kunywa, uondoke.

Hamdam alielewa, lakini alikuwa ameshafika. "Haji, nina ombi. Si kwa ubaya. Nataka tu kuziona hesabu za kile kitambaa."

"Hesabu?" Haji akacheka. "Mimi na wewe? Tumechanganya damu, mkwe wangu, sasa unataka tuchanganye na risiti?"

"Mkataba unasema kwamba—"

"Mkataba unasema mita zinazouzwa! Mimi nauza kidogo, natoa sana. Mkubwa wa wilaya akipita, natoa. Daktari, natoa. Mwalimu, natoa. Ndiyo roho yangu, nitafanyaje? Na zawadi haina mrabaha, mwulize hata imamu."

"Sokoni kimejaa."

"Wanauza walivyozawadiwa. Watu hawana shukrani siku hizi."

Hapo mgeni wa Almaty, ambaye alikuwa na nia njema tu ya kupoza mambo kwa mzaha, akajipiga paja. "Kumbe! Haji, basi na yale marobota yangu ya mwezi wa pili yalikuwa zawadi? Mita elfu mbili! Nirudishie hela zangu, ndugu yangu, nilikosea kulipa!"

Akacheka peke yake. Alipoona anacheka peke yake, akachukua zabibu kavu.

Mita elfu mbili kwa mtu mmoja, kwa mwezi mmoja. Taarifa ilisema mia tisa kwa watu wote, kwa mwaka. Hamdam hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini hiyo haikuhitaji wepesi.

"Na yale makato?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Gharama za heshima. Hizo ni nini, Haji?"

Haji Egamberdi alikuwa ameudhika na mgeni, akamgeuzia Hamdam udhia wake. "Unataka kujua? Majoho ya arusi hayo! Ulidhani yalianguka kutoka mbinguni? Joho nililokuvisha, la kaka yako, vitambaa vya mashangazi wote wa bibi arusi, marobota kwa marobota. Ilibidi yaingie mahali. Nimeyaingiza kwenye mrabaha wako, kidogokidogo kila mwaka, nisikuumize. Mwingine angekata kwa mkupuo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayengoja ashukuriwe. Zulhumor alikuwa bado amesimama na birika.

"Kunywa chai, mkwe wangu. Inapoa."

Hamdam akasimama, akashika kofia yake, akatoka. Kibakuli alikiacha palepale, kimejaa.

*

Nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani. Alifungua sanduku, akatoa lile joho alilovishwa siku ya arusi mbele ya mtaa mzima, akakaa nalo magotini. Mastura alisimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Vipi? Kasemaje?"

"Tumelinunua."

"Tumenunua nini?"

"Hili. Sisi ndio tuliolinunua. Na vitambaa vya dada zako. Amekata kwenye mrabaha."

Mastura alipoelewa, alikaa chini palepale, juu ya kizingiti. Joho la arusi hutolewa na upande wa bwana arusi, na mwenye kulitoa hukumbukwa kwa vizazi. Dada zake, wanawake maskini wa shambani, walimwinamia Haji Egamberdi siku ile mpaka paji likakaribia zulia, wakilia kwa shukrani.

"Kumbe ni mimi wa kuinamiwa," akasema. "Wapumbavu wale wakamwinamia yeye, mimi wakanipa mgongo! Na wewe umelivaa msikitini Idi mbili, watu wanakwambia, maa shaa Allah, mkweo mkarimu!"

"Nyamaza, majirani."

"Wasikie! Mwizi wa kuku hukimbia. Huyu kamwiba kuku, kamchinja, kakukaribisha paja, halafu kakutoza bei ya kuku!"

Nimeandika mwizi, na naliacha neno hilo lilivyo. Ukimwuliza Haji Egamberdi mpaka leo, atakuambia alikuwa anasaidia familia.

Kesho yake Mastura alipiga simu Tashkent kwenye chama cha wabunifu wa nakshi, bila kumwomba mumewe ruhusa. Jumamosi akashuka kwenye treni ya asubuhi mwanamke mfupi mwenye miwani minene na viatu vya kiume, Bi Saodat. Kazi yake ni kukagua kama wenye leseni wanawalipa wenye haki mrabaha ulio sahihi. Alikula sambusa tatu za tanuri kabla ya kusema chochote cha maana.

"Nzuri hizi. Haya. Kaka Hamdam, mimi simtafuti mwizi, natafuta mita. Mita zikipatikana, mwizi anajitokeza mwenyewe na kunisalimia."

"Lakini yeye ndiye anaandika vitabu," Hamdam akasema. "Ataandika anachotaka."

"Vitabu aandike mashairi akipenda. Mimi nitauliza amenunua hariri kilo ngapi. Rangi nyekundu mapipa mangapi. Forodha imepitisha nini kwenda Almaty. Huwezi kununua hariri ya mita elfu thelathini ukafuma mia tisa, labda nyingine umeila. Na kama ameila, ninataka kuona choo chake."

Mastura alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Na zile zawadi?"

"Mkataba wenu nimeusoma. Hakuna mahali palipoandikwa akate gharama yoyote. Hata moja. Heshima ni yake, ailipe mwenyewe. Ujira wangu natoa kwenye kitakachopatikana, na pengo likiwa kubwa atanilipa yeye." Alijifuta vidole. "Ila sina mlango wa kuingilia bila barua yenu. Ya rejista, sahihi ya mwenye nakshi, muhuri wa posta wa mwezi huu. Simu haifai. Salamu hazifai. Machozi ndiyo kabisa. Mwezi ukiisha, ile taarifa ya mwaka wa arusi imekufa, na kila mwaka itakufa nyingine nyuma yake."

"Na binti yangu?" Hamdam akauliza. "Yuko ndani ya nyumba ile."

Bi Saodat alivua miwani. Bila miwani alionekana amechoka.

"Hilo silikagui, kaka. Sitakudanganya. Nimeona ndoa zimevunjika kwa barua kama hii. Nimeona pia nyumba zinazokula pamoja juu ya hesabu mbovu miaka thelathini, na wanaodhulumiwa ndio wanaoosha vyombo. Utachagua mwenyewe. Mimi naacha barua hapa, haina sahihi."

*

Mgeni wa Almaty aliondoka bila kununua kitu, Haji akamlaumu Hamdam kwa hilo, na habari za Bi Saodat zilikuwa zimeshavuka mfereji. Jumanne gari la kiwanda lilisimama mlangoni kwa Hamdam. Safari hii dereva alishuka, akaweka sanduku la nguo kwenye vumbi, na Zulhumor akashuka nyuma yake.

"Mama mkwe kasema nikae kwenu kidogo," akasema. "Mpaka baba akumbuke adabu."

"Na Bahrom?" mamake akauliza. "Bahrom kasemaje?"

"Bahrom kabeba sanduku mpaka kwenye gari."

Mtaa uliona. Mke mwenye mimba karudishwa na sanduku. Hakuna asiyejua kusoma hilo. Kwenye bomba la maji wanawake walimpisha Mastura mbele ya foleni, kwa upole, kama anavyopishwa mfiwa, na upole ule ulimkata kuliko tusi.

Alhamisi alasiri akaja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nabi, mtu mpatanishi, mwenye ndevu safi na shingo laini. Alibeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa mlikuwa na mikate, halua, bahasha na karatasi moja.

"Mwanangu Hamdam," akasema, "Haji ameumia sana, lakini ana moyo mkubwa. Hapa kuna milioni tatu. Si deni, ni ihsani. Na hii karatasi ni ya kawaida tu, kwamba huna dai la miaka yote iliyopita. Tia sahihi, gari liko nje, binti anarudi kwake kabla chai haijapoa. Ndoa ni kioo, mwanangu. Kikipasuka, nani atakiunga? Bi Saodat wa Tashkent?"

Hamdam alimtazama mkewe. Mastura, aliyepiga kelele wiki nzima, alikuwa ameinamisha kichwa. Kupigania joho ni jambo moja. Tumbo la binti yake lilikuwa jambo jingine. Hamdam akaichukua kalamu.

"Baba," Zulhumor akasema kutoka jikoni, "ngoja. Uliza bei kwanza."

"Bei gani? Si amesema milioni tatu?"

"Hizo za mrabaha. Mimi je?" Akaja mpaka katikati ya chumba, mikono juu ya tumbo. "Nimo kwenye sinia pia, si ndiyo? Nataka kujua nimekadiriwa kiasi gani. Isije mwakani nikaonekana kwenye makato."

"Binti, wakubwa wanazungumza," Mzee Nabi akasema.

"Heshima yako iko palepale, babu. Lakini nimesimama kwenye baraza lile na birika mkononi nikasikia arusi yangu ikisomwa kama deni la duka. Kila siku tangu hapo wakila wananihesabia. Mama mkwe akiona nimeongeza mkate anasema, kula tu, babako analipa. Na mume wangu anacheka, hajui acheke nini, basi anacheka." Akamgeukia babake. "Baba, usitie sahihi kwa ajili yangu. Bahrom akinitaka, mlango anaujua, hatua zake mwenyewe. Kama anarudishiwa mke kwa sahihi yako, basi kilichorudi ni sahihi. Mimi sirudi hivyo."

"Na mtoto?" Mastura akanong'ona.

"Mtoto atazaliwa, mama. Watoto huzaliwa popote. Ila nisimzae katika nyumba ambayo babu yake anatozwa hela kwa kukaribishwa."

Nje dereva alikuwa anapiga honi, fupifupi, kama mtu anayebisha.

Hamdam akaweka kalamu chini. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyekuwa anabeba gunia mlimani na sasa kalitua, na mabega hayaamini. Akakusanya mikate na halua akavirudisha kwenye kitambaa cheupe, akaweka bahasha juu yake, akaweka na karatasi. Lakini sinia la mtu halirudishwi na vitu vyake tu, huo ni ukosefu wa adabu. Lazima uongeze cha kwako. Akaenda kwenye sanduku, akalitoa lile joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu kabisa.

"Mwambie Haji hili nimelilipia mwenyewe," akasema, "na sasa nampa. Hii ndiyo zawadi. Asiiandike popote."

Mzee Nabi alitazama sinia, akatazama nyuso zao, akatafuta methali na hakuipata. "Mtajuta," akasema, akaondoka nalo, akitembea kwa uangalifu kwa sababu lilikuwa zito kuliko alivyokuja nalo.

*

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi ambayo posta ilikuwa wazi. Hamdam alitia sahihi mezani, mkewe akiishika karatasi isiteleze. Barua ilikuwa fupi. "Kwa Haji Egamberdi, mwenye leseni ya nakshi ya Bawa la Hudihudi. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, napinga taarifa zako zote za mrabaha kuanzia ya kwanza. Namteua Bi Saodat wa Tashkent akague ununuzi wa hariri na rangi, mita zilizofumwa, mauzo ya ndani na ya nje, na makato yote. Mpe vitabu. Mimi, mwenye nakshi, Hamdam Sobirov." Zulhumor aliisoma tena kwa sauti, akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Mastura akapaka gundi, akaibana kwa kiganja chote, kwa nguvu, kama anayezuia damu.

Walikwenda wote watatu. Mama wa posta aliisoma anwani, akawatazama juu ya miwani.

"Haji Egamberdi? Huyu si mkwe wako, hapo ng'ambo ya mfereji? Mzee wangu, si umpigie simu tu? Rejista ni ghali. Dakika mbili kwa mguu."

"Najua," Hamdam akasema. "Nataka ya rejista."

"Kuna ugomvi?"

"Kuna hesabu."

Simu ya Zulhumor ililia kwenye mfuko wake. Aliitoa, akatazama jina, na wazazi wake wakamtazama yeye. Akaipokea.

"Niko posta," akasema. Akasikiliza. "Hapana, Bahrom. Njoo wewe." Akaikata, akairudisha mfukoni.

Mama wa posta alikuwa ameinua muhuri, ameushikilia juu ya bahasha. Hakuwa mjinga, aliona tumbo, aliona sura zao. "Nikishaigonga siwezi kuitoa," akasema. "Ikiingia kwenye gunia imekwenda."

Hamdam alihesabu noti, akazisukuma chini ya kioo.

"Gonga," akasema.

Akagonga, tarehe ikatokea nyeusi na safi. Akawapa risiti, akaitupa barua ndani ya gunia, akaita, "Anayefuata!"